Bampa la Nyuma la Subilaga

Haipiti wiki kijana asije hapa barazani kwangu ameshika simu, ananionyesha picha ya gari linang'aa kama limepakwa mawese. "Mzee, hili vipi, nilichukue?" Swali langu ni moja tangu zamani: litagongwa na nini? Wanacheka. Wanadhani uzee umenizidi. Nimestaafu nyundo, akili sijastaafu, na leo nalisema lote kwa mara moja ili nisisumbuliwe tena.

Mimi ni fundi wa kunyoosha bodi. Kazi hiyo niliifanya hapa Kyela mjini tangu enzi za magari ya serikali na ya ushirika tu, mpaka miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, magari yalipomiminika, mengine yakishuka kutoka Dar es Salaam, mengine yakipita Kasumulu kutoka upande wa Malawi. Injini sikuzigusa. Ukiniletea gari linalotoa moshi nilikuwa nakufukuza. Kazi yangu ilikuwa bati, na bati lilinilisha, likanisomeshea watoto, likaniziba sikio la kulia kwa kelele zake. Anayetaka kunibishia akae kushoto.

Ajali kubwa ziko huko juu, kwenye kona za kupanda Tukuyu. Huku chini ni tambarare, gari halikimbii, kwa hiyo watu hudhani halipati shida. Linapata. Mwenye baiskeli aliyefunga mikungu ya ndizi huku na huku anakukwangua mlango na kuendelea na safari zake, wala hana habari. Mkokoteni wa mpunga unakuparamia kwa nyuma kwa sababu hauna breki. Mvua za kwetu mnazijua: mtaro umejaa, ukingo hauonekani, unarudi nyuma kidogo tu, ko. Hafi mtu, haitwi polisi. Lakini baada ya mwaka gari hilo limechakaa kuliko lililopinduka. Gari la mjini kwetu haliuawi, linachoshwa. Basi ukichagua, chagua lisilochoka upesi.

Aliyenifundisha hayo ni Mzee Kayuni, mtu wa Karonga aliyeoa huku na kusahau kurudi. Mfukoni alikuwa na sumaku aliyoichomoa kwenye spika ya redio mbovu. Ukimletea gari ulilonunua, hakukupongeza wala kukupa pole. Alilizunguka akiigusisha sumaku kwenye bodi. Ikinasa, pana bati. Ikidondoka, bati lilishaoza au lilishagongwa, na ulichokiona ni puti, ule unga wa kuzibia, uliopakwa rangi juu. Siku moja mnunuzi mmoja wa kakao alikuja na gari dogo la saluni, jipya, la buluu, amevaa tai, mke kiti cha mbele. Mzee Kayuni akaigusisha mlangoni, ikadondoka. Kwenye madigadi, ikadondoka. Kwenye buti ndiyo kabisa. Akaiokota, akaipangusa kwenye suruali. "Bwana mkubwa," akasema, "umenunua puti yenye magurudumu." Yule bwana hakurudi tena gerejini, lakini mke wake alicheka mpaka akashuka garini.

Sumaku ile ninayo. Mzee Kayuni alinirithisha alipozidiwa na mgongo. Tulieni, nitawaonyesha ilivyofanya kazi.

Miaka hiyo ndipo Subilaga alipoanza kuja kwangu. Alikuwa mke wa Lugano, baharia wa meli za ziwani zilizokuwa zikiondoka bandari ya Itungi kwenda bandari za kusini, kwa hiyo mumewe siku nyingi hakuwepo. Subilaga alifanya biashara. Alinunua mchele Talatala, alikoolewa, akauleta mjini, na alifuata vyungu vya Wakisi kule Matema akaja kuviuza sokoni. Wakati huo wanawake waliokuwa wakiendesha gari Kyela walijulikana kwa majina. Yeye alikuwa na saluni ndogo nyeupe, bampa za plastiki mbele na nyuma, na kila siku ya soko akipita watu waliacha kununua wakamtazama.

Wakati watu wanamtazama, mimi nilikuwa naitazama nyuma ya gari lake. Kwa maana alikuwa haishi kuja. Leo bampa limepasuka, kesho taa ya nyuma imevunjika, siku nyingine buti halifungi. Ninanyoosha, napaka rangi, soko linalofuata huyo hapo. "Umegonga nini, mama?" "Nguzo." "Na leo?" "Ukingo wa mtaro, fundi." "Na hii?" "Kisiki." Nikaanza kukasirika. Sikukasirikia kazi, kazi ilikuwa inanilipa. Ila dereva asiyejua kuendesha hugonga pande zote. Huyu mbele hakuwa na hata mkwaruzo. Mbele gari jipya, nyuma limepigana vita.

Nikamwambia, "Mama, ama gari hili lina shetani, ama huniambii kweli. Soko lijalo nakaa kiti cha pembeni." Akakubali kwa shingo upande.

Tulitoka vizuri. Nawaambieni kweli, aliendesha kwa utulivu, mkono mwepesi, akiwapisha wenye baiskeli. Tukaingia mtaa wa soko. Mara mbele yetu, hatua chache, nikaona baiskeli inakuja taratibu, juu yake mzee mrefu amevaa kofia ya pama. Nilimfahamu, ni Mzee Asegelile wa Talatala, mzee wa kanisa, mtu wa heshima zake. Nikageuka nimwambie Subilaga tumsalimie. Subilaga hakuwepo. Yaani alikuwepo, lakini kanga imeshafunika kichwa na uso wote, mkono umeshatia rivasi, na gari linarudi nyuma kasi. Tukaingia kinyumenyume kwenye kichochoro, na huko mwisho mkokoteni wa chumvi ulikuwa unatusubiri. Ko.

Kanga ikashuka kidogo, nikaona jicho moja.

"Ni mkwe," akasema.

Ninyi wa siku hizi mnakaa meza moja na wakwe zenu mnagombea rimoti, kwa hiyo niwaeleze. Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe wake. Hali naye, hasemi naye, jina lake halitaji. Wakikutana njiani, mwanamke ndiye anayeacha njia: anaingia migombani, anajifunika, anasubiri mpaka mzee apite. Kwa Kinyakyusa tunaita ukutila. Wakristo wengi walikuwa wameshaanza kulegeza, hasa mjini. Mzee Asegelile hakulegeza hata uzi. Kanisani yeye alikaa benchi la mbele, Subilaga aliingia kwa mlango wa nyuma. Na Subilaga naye, msidhani alilazimishwa. Alimheshimu yule mzee kwa moyo wote, na mila ile aliishika kwa fahari.

Sasa mwanamke akiwa kwa miguu anaingia migombani. Akiwa garini aingie wapi? Saluni ni vioo pande zote. Na mzee siku ya soko hatulii, leo yuko kwa wauza tumbaku, mara kwa wauza majembe, kwa hiyo walikutana asubuhi nzima. Mzee mwenyewe hakujua lolote, macho yake ya mbali yalikuwa yameshapungua, na baiskeli aliiendesha akilitazama gurudumu la mbele.

Nilicheka, sikatai. Nilicheka mpaka mwenye mkokoteni akadhani namdharau. Halafu nikamtazama Subilaga nikaona hacheki.

"Fundi, Jumamosi kuna kikao," akasema. "Shemeji Gwamaka amewaambia ukoo kwamba naliua gari. Anasema lilinunuliwa kwa mchele wa shamba la baba, kwa hiyo apewe ufunguo mwanamume anayejua kuendesha. Lugano yuko majini. Wakinipokonya, vyungu na mchele nitarudi kuvibeba kichwani."

"Si uwaambie sababu."

"Nani awaambie? Mimi siwezi kukaa mbele yake nikasema. Na wewe usiseme. Ukisema ni yeye anayenigongesha, umemvua nguo mbele ya wanawe. Niahidi, fundi."

Nikaahidi.

Kikaoni waliniita kama shahidi. Wanaume tulikaa uwanjani kwa Mzee Asegelile, Subilaga alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko pamoja na wanawake, anasikia kila neno. Gwamaka, kaka yake Lugano, alivaa shati la mikono mirefu na kusimama kama anahutubia. "Fundi, gari hili umelinyoosha au hukulinyoosha?" Nikasema nimelinyoosha. "Kila soko au si kila soko?" Nikasema karibu kila soko. "Basi mmesikia. Huyu shemeji yangu hajui kurudi nyuma. Kwenda mbele anajua, kurudi nyuma hajui kabisa." Watu wakacheka. Mzee Asegelile akapiga fimbo chini taratibu, akasema gari liende kwa Gwamaka, yaishe.

Nilikuwa nimekaa nikiyatazama yale yote, na hasira imenijaa, na mdomo nimeufunga kwa ahadi. Sasa macho yangu yakaenda kwenye migomba ya Gwamaka, maana nyumba yake ilikuwa jirani. Kule pembeni kulikuwa na pikapu kuukuu ya Kijapani, rangi ya udongo, imezama kwenye majani. Kuku alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva anatagia. Gwamaka aliinunua zamani, akaionea aibu, akaiacha. Nikanyanyuka bila kuaga, nikaenda. Watu wakadhani nimeshikwa na tumbo.

Hapa ndipo darasa lenyewe lilipo, kwa hiyo wekeni simu chini.

Kwanza nililala chali chini yake. Saluni haina chasisi, bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, kwa hiyo ukiigonga nyuma maumivu yanasafiri mpaka milangoni, ndiyo maana milango ya Subilaga ilikuwa haifungi. Pikapu ina chasisi, vyuma viwili vinene vinavyotoka mbele mpaka nyuma, bodi imekaa juu tu. Gonga bodi, gari lenyewe halina habari. Nikachukua bisibisi nikachoma chasisi pale matope yanapokaa, juu ya magurudumu ya nyuma. Kwa matope ya mpunga ya kwetu, hapo ndipo kutu inapoanzia. Bisibisi haikuingia. Nikachoma upande wa pili, haikuingia.

Pili, nikatoa sumaku ya Mzee Kayuni. Ikanasa mlangoni. Ikanasa kwenye madigadi. Ikanasa kila mahali isipokuwa kwenye kona moja ya boneti. Bati lile lilikuwa nene, la kupigika, yaani likibonyea unalipiga nyundo linarudi. Haya mabati ya sasa ukiyapiga yanalia na kupasuka. Tatu, taa za nyuma. Saluni taa zake zimezunguka kona, ndizo zinazofika kwanza, na kupata nyingine mpaka uagize Dar. Pikapu ile taa zake zilikuwa ndogo, zimejificha ndani chini ya bodi, na kioo chake unakipata kwa muuza vipuri yeyote. Nne, nikapanda bampa la nyuma kwa miguu miwili nikarukaruka. Zile springi za vyuma bapa vilivyopangana zilishuka kidogo zikapanda, hazikulia. Kuku akatoka akanitukana kwa lugha yake.

Nikarudi kikaoni na majani kichwani. "Wazee," nikasema, "Gwamaka apewe saluni, nami nakubali. Lakini ukoo usimwache mke wa Lugano mikono mitupu. Gwamaka ampe lile banda la kuku."

Gwamaka alicheka mpaka akakaa chini. "Lichukueni," akasema, "na mayai yake." Mzee Asegelile akatikisa kichwa kukubali, akanitazama kama mtu aliyepungukiwa akili. Nyuma ya ukuta nikasikia sauti ya Subilaga, ndogo: "Ndaga, fundi." Neno hilo kwetu ni asante, lakini nilijua hajashukuru, amekubali tu kwa kuwa hana jingine. Nikaapa moyoni kwamba pikapu ile nitaifanya gari au niache nyundo.

Injini aliishughulikia mwenzangu, akasema ni ya kuamsha tu. Mimi nikaikalia bodi. Bampa la nyuma nililing'oa nikatengeneza jingine kwa bomba nene la chuma, nikalifunga kwa bolti kwenye chasisi yenyewe, wala si kwenye bodi. Juu ya bomba nikakaza vipande vya tairi la trekta. Kila aliyepita aliuliza kama naunda gari la jeshi. Nikawajibu ni la vyungu. Saitimira, vile vioo vya pembeni, nikaweka kubwa mbili za lori, maana rafiki yetu huyu maisha yake ni nyuma.

Subilaga alikuja kuikagua. Akaizunguka, akalipiga bampa teke, akaridhika. Halafu akasimama nyuma ya kiti cha dereva akakigusa kioo kidogo cha nyuma, kile kinachotazamana na watu waliopanda kule nyuma.

"Fundi, hiki kizibe kwa bati."

"Mama, si ndicho cha kuangalizia nyuma?"

"Saitimira zinatosha. Yule ni mtu mzima. Siku moja atahitaji kubebwa, na gari la mwanawe ni hili. Nataka siku hiyo awe kule nami niwe huku, tusionane."

Mwanamke aliyepokonywa gari anamfikiria mkwe wake namna hiyo. Niliziba kile kioo kwa bati, nikakaza bolti, nikapaka rangi.

Safari ya kwanza alinichukua Matema. Tukapakia vyungu vya Wakisi, vimefungwa kwa majani makavu ya migomba, na ninawaambia, kama mnataka kujua springi za gari, msiangalie karatasi za muuzaji, pakieni vyungu. Tukarudi kwa njia ya Ipinda, mashimo yote yalikuwepo, hakuna lililokwenda likizo. Mjini mkwe akatokea kwenye kona ya soko, baiskeli na kofia. Kanga juu, rivasi, ko kwenye nguzo. Tukashuka kuangalia. Nguzo ilikuwa na alama ya mpira. Vyungu vyote vizima, bampa limetulia. Subilaga akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akakaa kwenye ukingo wa mtaro akiwa bado anacheka.

Tukawa hivyo kwa muda mrefu. Kila soko alirudi nyuma mara kadhaa, na gereji hakuja. Kumbe bila kujua alikuwa anasoma. Mtu ambaye kila soko anarudi kinyumenyume kwenye vichochoro, kwa saitimira tu, uso umefunikwa nusu, hatimaye anaijua kazi hiyo kuliko wenye leseni za malori.

Masika ya mwaka mmoja, siku ya soko, mvua imenyesha tangu alfajiri. Mchana ikakatika, watu wote wakatoka kwa pamoja, mtaa ukajaa mikokoteni na matope. Mzee Asegelile akateleza na baiskeli yake kwenye ukingo wa mtaro, karibu kabisa na gereji yangu. Nilisikia watu wanapiga kelele nikatoka mbio. Mguu ulikuwa umevunjika juu ya goti, mfupa umechana nyama, na damu ilikuwa inatoka vibaya. Nikaufunga kwa shati langu, likalowa pale pale. Uso wa mzee ulikuwa unageuka kijivu. Niliogopa. Nilijua akichelewa hapo, hafiki jioni.

Gwamaka alikuwepo na saluni yake, kwenye mtaa ule ule. Akaja akimlilia baba yake, akarudi kulileta gari. Mbele yake pamezibwa na mikokoteni, akarudi nyuma, tumbo la saluni likakaa juu ya ukingo wa mtaro, magurudumu ya nyuma yakabaki yanazunguka hewani. Bampa la plastiki lilikuwa limenasa kwenye mkokoteni wa ndizi. Akashuka akashika kichwa.

Subilaga alikuwa mbele kidogo anauza vyungu. Nilimwona amesimama ametupa mgongo, kanga kichwani, maana alishajua ni nani yuko chini. Nikamwendea. "Mama, siku uliyoisema ndiyo hii." Alishika kingo za pikapu akaanza kuvishusha vyungu, havishushi, anavitupa, vingine vinavunjika, hajali. Kisha akazunguka kwa mbali, akaingia kwa mlango wa upande wa pili, akafunga kioo. Tukampakia mzee juu ya magunia ya mchele, nikakaa naye nimemshika mguu. Gwamaka akapanda pia.

Mbele palikuwa hapapitiki. Kugeuza gari hapakuwa na nafasi. Njia pekee ilikuwa nyuma, mtaa mzima wa soko, mpaka barabara ya hospitali.

"Hataweza," Gwamaka akaniambia, machozi yanamtoka. "Mtoe, niendeshe mimi."

"Kaa kimya," nikamwambia, "umshike baba yako kichwa."

Rivasi ikaingia. Gari likaanza kurudi. Nimepanda magari mengi, sijawahi kubebwa vile. Alirudi moja kwa moja, si polepole wala si kasi, akipinda kona huku nikiyaona macho yake kwenye saitimira, yanatazama mitaro na mikokoteni tu. Palipokuwa na mkokoteni usiotaka kutoka, aliugusa kwa bampa, ko, mpira kwa mbao, ukasogea. Nguzo, ko, akanyoosha. Kila ko mzee aliguna, lakini damu haikuongezeka, springi zilimlea. Kati yetu na kiti cha dereva palikuwa na lile bati langu lililokazwa kwa bolti, na mkwe na mkamwana hawakuonana.

Tulifika. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu, angekuwa anazungumza na sisi habari nyingine.

Baada ya siku kadhaa nilikwenda kumsalimia. Alikuwa ameinuliwa kwenye mito, mguu umefungwa, amekonda. Akaniuliza habari za kazi, habari za mvua, kama ilivyo desturi. Halafu akasema, "Fundi, siku ile sikuzimia. Nilisikia. Gari lilirudi nyuma njia nzima. Ni nani aliyemfundisha yule kurudi nyuma hivyo?"

Niliahidi nisiseme kikaoni. Wodini si kikaoni.

"Ni wewe, mzee," nikamwambia.

Akanitazama asielewe. Basi nikamweleza yote, kichochoro, mkokoteni wa chumvi, nguzo, taa za saluni, kila soko, kanga, na jinsi alivyonizuia nisimwaibishe mbele ya wanawe. Nilisema kwa ukali kidogo, naona nilikuwa nimekaa na maneno hayo muda mrefu mno. Mzee aligeuza uso ukutani, mabega yakawa yanatetemeka, nami nikaondoka nikamwacha apate kulia peke yake.

Alipopona alitembea kwa gongo, baiskeli ilimshinda, lakini soko hakuacha. Siku ya kwanza aliyorudi mjini nilikuwa mlangoni pa gereji. Nikaiona pikapu inakuja kutoka njia ya Ipinda, imejaa vyungu, na mbele yake, katikati ya barabara, mzee na gongo lake. Kanga ikapanda. Nikasikia gia inatafuta rivasi.

Mzee akasimama. Safari hii aliisikia. Bila kuinua uso kuitazama, akaanza kushuka barabarani, gongo likitangulia, mguu mbovu ukiburutwa, akavuka mtaro, akaingia migombani mwa jirani yangu. Huko akaipa barabara mgongo. Akavua kofia akaishika kifuani, akatulia. Watu mtaani wakaacha walichokuwa wanafanya, maana tangu tuzaliwe hakuna aliyekuwa ameona mkwe mwanamume akiacha njia kwa ajili ya mkamwana wake.

Pikapu ilikaa pale inaunguruma. Nilidhani aliyezimika ni dereva mwenyewe. Kisha rivasi ikatoka, gia ya kwanza ikaingia. Subilaga akapita taratibu sana, macho mbele, machozi yanatiririka chini ya kanga, na hakuna chungu hata kimoja kilicholia.

Nikavuka mtaro nikamwendea mzee.

"Ameshapita?" akauliza, bado amegeukia migomba.

"Ameshapita, mzee."

"Haya, nipe mkono. Mtaro huu unateleza."